Bega la Mchukuzi
(Hotuba kwa makatibu wa vyama vya msingi)



Gunia la kahawa safi lina uzito wa kilo 60. Mchukuzi akiteleza nalo ghalani huanguka akitanguliza mkono, na kishindo chote huishia begani. Hapo wenzake humzunguka, mmoja akamkaza kifua, mwingine akauvuta mkono ili bega lirudi. Hutendwa kwa nia njema, lakini yafaa likomeshwe katika maghala yote ya vyama.

Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, na kikombe kinachokipokea hakina kina, mithili ya kisahani. Ndiyo maana bega huteguka upesi kuliko viungo vingine vikubwa. Mara nyingi kichwa huchopoka kuelekea mbele, bega likapoteza mviringo wake. Hata hivyo, mfupa uliovunjika karibu na kiungo waweza kufanana na bega lililoteguka, na pengine yote mawili yametukia pamoja. Jicho haliwezi kuhukumu. Picha ya eksirei ndiyo ihukumuyo. Mwenye kuvuta kabla ya picha aweza kuusogeza mfupa uliovunjika, au kuudhuru mshipa wa damu au wa fahamu upitao kwapani.

Daktari hupapasa mapigo ya damu kifundoni, hugusa ngozi ya upande wa nje wa bega kujua kama ina ganzi, kisha huagiza picha zaidi ya moja, kwani bega lililochopokea nyuma huweza kujificha katika picha ya mbele. Humpa mgonjwa dawa ya maumivu ndipo alirudishe taratibu, na picha hupigwa tena.

Kazi ya katibu ni nyepesi zaidi. Mkono uachwe katika hali isiyomwumiza mgonjwa, utegemezwe kwa kanga iliyofungwa shingoni, asipewe chakula, gari litafutwe upesi, maana misuli huzidi kukaza. Vidole vikiwa baridi au vikifa ganzi, pasingojwe hata dakika.

Mtulinga uliovunjika aghalabu huunga bila kupasuliwa, mkono ukitegemezwa kitambaani. Lililo gumu ni mapumziko, kwa kuwa mchukuzi hulipwa kwa gunia. Kijana akirudia mizigo mapema, bega huweza kuteguka tena na tena. Aliyepita miaka 40, akishindwa kuinua mkono hata baada ya bega kurudishwa, achunguzwe upya, kwani huenda kano zimechanika. Kwa muda huo chama chaweza kumweka kwenye mizani, asome na kuandika.

Ajali iandikwe daftarini siku iyo hiyo, pamoja na saa na majina ya mashahidi. Nchini Tanzania, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 humtaka mwajiri atoe taarifa ya ajali ya kazini.