Kuku wa Mwisho Naye Ale



Siku ya kuuza kuku wa nyama ndiyo siku banda linaposema ukweli. Mnunuzi anayepeleka kuku Shekilango au Kisutu, jijini Dar es Salaam, hana haja na daftari la mfugaji. Anaingia, anatupa macho, anakamata wakubwa na kuwatia kwenye matenga. Kati ya kuku 500 anaweza kuondoka na 300, kisha akasema: "Hawa bado, niite wiki ijayo." Wiki hiyo mfugaji anaendelea kununua chakula, na chakula ndicho kinachomeza zaidi ya nusu ya gharama za ufugaji huu. Faida ya wale 300 inaliwa na hawa 200.

Hapo lawama huanza. Mara vifaranga walikuwa wabovu, mara chakula kimechakachuliwa. Hayo hutokea, na magonjwa kama kuhara damu nayo hudumaza. Lakini maoni yangu ni kwamba sehemu kubwa ya tofauti hii tunaitengeneza wenyewe kwa namna tunavyolisha. Tunahesabu mifuko iliyoisha, wala hatuulizi kama kuku wa mwisho amekula.

Simama bandani wakati wa kulisha. Kuku 500, vyombo vitano. Sheria ya pale ni moja: mwenye nguvu mpishe. Wakubwa wanakizunguka chombo, wadogo wanasubiri nyuma. Chakula kikiwa cha unga, waliotangulia hudonoa kwanza chenga kubwa za mahindi, na anayefika mwisho anakuta vumbi. Basi mdogo anakula kidogo, na hicho kidogo hakina uwiano wa virutubisho. Kesho anasukumwa kwa urahisi zaidi.

Tuanze na nafasi. Chombo cha duara cha kuning'iniza kisilishe zaidi ya kuku 50; kwa kuku 500, weka vyombo kumi. Visambaze banda zima, na ukingo wa kila kimoja ulingane na mgongo wa kuku, ukiuinua kadiri wanavyokua. Maji nayo yawe karibu, maana kuku hunywa karibu mara mbili ya uzito wa anachokula, na joto likipanda huzidisha. Asiyepata maji hali.

Kazi hii huanza siku ya kwanza. Tandika karatasi ndani ya bruda, yaani sehemu yenye joto ya kulelea vifaranga, mimina chakula juu yake, kila kifaranga akikanyage na kukiona. Baada ya saa 24, papasa kifuko cha chakula chini ya shingo. Kikiwa kimejaa na ni laini, amekula na kunywa. Kikiwa kigumu, amekosa maji. Kikiwa kitupu, hajala. Siku ya saba mpime: aliyeingia na gramu 40 awe amefika 160 au zaidi. Anayeachwa nyuma wiki hii hana muda wa kufidia, kwani umri wake wote bandani ni wiki tano au sita.

Kwetu Pwani kuna jambo jingine. Jua la mchana humkata kuku hamu ya kula, hivyo wengi hulisha alfajiri na jioni. Ni sawa, ila saa hizo kundi zima hufika likiwa na njaa kwa pamoja. Anayelisha hivyo anahitaji vyombo vingi kuliko jirani yake anayelisha mchana kutwa.

Kisha kuna mizani. Kila wiki kamata kuku 50 kutoka pembe zote za banda, upime mmoja mmoja. Wastani ukiwa kilo moja na nusu, angalau 40 kati yao wawe kati ya kilo 1.35 na 1.65. Wakipungua hapo, watenge wadogo mapema, wawe na vyombo vyao na maji yao, pasipo wa kuwasukuma.

Ndugu mfugaji, kabla hujahama duka la chakula, hesabu vyombo vyako. Vyombo vitano vya kuongeza na mizani unavinunua mara moja. Kuku 200 wasiouzika utawalipia kila awamu.