Chura wa Mpira na Kamongo wa Kahendero
Msikilizaji, chura wa mpira, chambo bandia kinachovutwa juu ya maji, alibuniwa kwa ajili ya bass, samaki anayewinda hasa kwa macho. Ncha za ndoana zake hulala mgongoni zisinase magugu. Je, atafaa kumvulia kamongo huko Kahendero, kwenye Ziwa George nchini Uganda, lenye kina cha wastani wa mita 2.4 na maji ya kijani kwa mwani? Sidhani. Samaki huyu huja juu kupumua hewa, ila chakula hukitafuta chini, akitegemea harufu zaidi. Wapo watakaosema chura hurekebishwa: punguza miguu, tia uzito tumboni. Sawa, atarushwa mbali zaidi, harufu hatapata. Cha kuazima ni ile ncha iliyofichwa, safari hii ndani ya kipande cha samaki, kando ya mafunjo, tena mchana, maana usiku viboko hupanda hapo hapo kula nyasi.