Kukisia si Kujua: Tafiti Tatu Zinazomhusu Mama na Mtoto



Neno utafiti likitajwa mbele ya wananchi, lalamiko moja hurudi kila mara: watafiti huja, huuliza maswali, huchukua damu, kisha hawaonekani tena. Lalamiko hilo ni la haki. Mtu aliyetoa damu yake, au aliyekubali mwanawe aingizwe katika utafiti, anastahili kuambiwa matokeo. Mazungumzo ya leo ni ya kurudisha majibu hayo. Tafiti tatu zitaelezwa. Zote zilifanywa na Wakenya wakishiriki, na zote zilithibitisha jambo moja: katika matibabu, kukisia si kujua, hata anayekisia akiwa ni daktari mwenye nia njema na uzoefu wa miaka mingi.

Wa kwanza unahusu chumba cha kujifungulia.

Mama amejifungua. Mtoto analia, nyanya yake nje ameshasikia na anapiga simu nyumbani. Baada ya dakika chache damu inaanza kumtoka mama. Kila mama hutokwa na damu anapojifungua na hilo si ugonjwa. Hatari huanza damu inapozidi. Ikifika nusu lita, kiasi cha chupa ndogo ya maji, wahudumu wanatakiwa kuchukua hatua mara moja. Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ndicho chanzo kikubwa cha vifo vya wazazi duniani, na mama anaweza kupotea katika muda wa saa chache.

Lakini nani anajua kwamba nusu lita imefika? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa macho ya mkunga. Damu nyingine imeingia kwenye shuka, nyingine kwenye leso, nyingine kwenye pamba, nyingine iko sakafuni. Macho hukosea, na mara nyingi hukosea kwa kupunguza. Mkunga anaposema sasa imezidi, huenda mama ameshaanza kulegea na mwili kupoa.

Utafiti uitwao E-MOTIVE, uliochapishwa mwezi Mei mwaka 2023, ulihusisha hospitali 80 katika nchi nne: Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Zaidi ya wanawake 210,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida walihesabiwa humo. Baadhi ya hospitali ziliendelea na kazi kama zilivyozoea. Nyingine zilipewa mambo mawili. La kwanza ni karatasi ya plastiki inayotandikwa chini ya mama, yenye mfuko wa kukinga damu na mistari ya kipimo. Damu ikifika kwenye mstari, hakuna ubishi. La pili ni mpango wa kutoa matibabu kwa pamoja: kukanda tumbo ili mfuko wa uzazi ujikaze, kutoa dawa za kuukaza, kutoa dawa ya kusaidia damu kuganda, kuweka maji ya mshipani, na kumchunguza mama kutafuta mahali damu inakotoka.

Dawa hizo hazikuwa ngeni. Zilikuwapo tangu zamani. Tatizo ni kwamba zilikuwa zikitolewa moja moja: inajaribiwa hii, wahudumu wanangoja, ikishindikana inafuata nyingine. Mama anayetokwa na damu hana muda huo.

Matokeo yalikuwa haya. Katika hospitali zilizotumia macho na mazoea, karibu nusu ya kina mama waliokuwa wakitokwa na damu nyingi hawakutambuliwa. Palipokuwa na kipimo, 93 kati ya kila 100 walitambuliwa. Mama waliofikia hatari kubwa, yaani waliopoteza lita nzima au zaidi, au waliopasuliwa ili damu isimame, au waliofariki kwa sababu ya damu, walikuwa 43 katika kila 1,000 pale palipoendelea na mazoea. Kwenye kipimo na matibabu ya pamoja walikuwa 16. Tofauti hiyo haikuletwa na mashine ya bei ghali. Ililetwa na mfuko wa plastiki wenye mistari na wahudumu waliofunzwa kutosubiri.

Utafiti wa pili ni wa mwaka 2011. Ni wa zamani kidogo, lakini unafaa kukumbukwa kwa sababu fundisho lake ni chungu.

Mtoto analetwa wodini usiku. Ana homa kali, mikono na miguu ni baridi, anapumua kwa shida, hajitambui vizuri. Katika nchi tajiri, mtoto kama huyo alikuwa akiwekewa dripu na kupewa maji mengi kwa haraka ili mzunguko wa damu urudi. Wataalamu wengi waliamini kwamba watoto wa Afrika wanakufa kwa sababu hawapati huduma hiyo. Ilionekana wazi kiasi kwamba wengine walishangaa kwa nini jambo hilo lifanyiwe utafiti hata kidogo.

Daktari Kathryn Maitland, aliyekuwa akifanya kazi Kilifi, pamoja na wenzake wa Kenya, Uganda na Tanzania, waliamua kupima. Utafiti wao uliitwa FEAST. Watoto 3,141 waligawanywa kwa kura katika makundi matatu. Mawili yalipewa maji ya haraka ya aina mbili tofauti. La tatu halikupewa maji ya haraka. Watoto wa makundi yote waliendelea kupata matibabu mengine waliyohitaji, kama dawa za malaria, dawa za kuua bakteria, oksijeni na kuongezewa damu.

Utafiti ulisimamishwa kabla ya idadi iliyopangwa kutimia. Katika saa 48 za kwanza, kati ya kila watoto 1,000 waliopewa maji ya haraka, zaidi ya 100 walifariki. Kati ya kila 1,000 ambao hawakupewa, walifariki 73. Kile kilichodhaniwa kuwa uokozi kilikuwa kinaongeza vifo.

Hapo pana jambo la kutafakari. Hakuna daktari aliyekuwa na nia mbaya. Kama watafiti wasingepima, maji hayo yangeendelea kusambazwa hospitali hadi hospitali kwa moyo mwema, na wazazi wangeendelea kuzika watoto bila kujua sababu.

Tahadhari moja ni muhimu, na ikumbukwe na kila aliye hapa. Utafiti huo haukuhusu mtoto anayeharisha. Watoto wenye kuhara hawakuingizwa ndani yake. Mtoto anayeharisha anapoteza maji na ni lazima yarudishwe: apewe ORS kidogo kidogo, aendelee kunyonya na kula, apewe zinki kama alivyoelekezwa na mhudumu, na akizidiwa apelekwe kituoni bila kuchelewa. Mzazi asiondoke barazani akisema maji ni sumu.

Utafiti wa tatu unahusu mabinti.

Saratani ya mlango wa kizazi husababishwa na virusi vinavyoitwa HPV. Ipo chanjo inayokinga dhidi ya aina za virusi hivyo zilizo hatari zaidi. Kenya ilianza kuitoa kwa wasichana wa miaka 10 mwezi Oktoba mwaka 2019, kwa dozi mbili. Shida ilikuwa dozi ya pili. Msichana amehama shule, au mzazi amesahau tarehe, au zahanati iko mbali na nauli haipo. Dozi mbili zilidhaniwa kuwa za lazima. Je, zilikuwa za lazima kweli?

Watafiti, wakiwemo wa taasisi ya KEMRI, waliwaandikisha wanawake 2,275 wa umri wa miaka 15 hadi 20 katika maeneo ya Kisumu, Thika na Nairobi. Utafiti huo uliitwa KEN SHE. Wengine walipewa dozi moja ya chanjo ya HPV. Wengine walipewa chanjo ya ugonjwa wa uti wa mgongo, ili makundi yaweze kulinganishwa. Matokeo yalitolewa mwaka 2022. Baada ya miezi 18, dozi moja ilikuwa imekinga kwa asilimia 97.5 dhidi ya aina mbili za virusi zinazosababisha sehemu kubwa ya saratani hiyo.

Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilikubali matumizi ya dozi moja kwa wasichana, na mwaka 2025 Kenya nayo ilihamia dozi moja. Wasichana wanaoishi na virusi vya Ukimwi bado wanahitaji zaidi ya dozi moja, na mhudumu atawaeleza. Kwa wengine, safari ya pili ya zahanati imeondolewa. Aliyeiondoa ni msichana wa Thika au wa Kisumu aliyekubali kuandikishwa, akarudi kliniki mara kwa mara kupimwa bila kujua amepata chanjo ipi.

Sasa, mwananchi afanye nini na majibu haya?

Familia yenye mama mjamzito impeleke akajifungulie kituoni. Mfuko wenye mistari haumsaidii mama aliye nyumbani. Baada ya kujifungua asiharakishwe kutoka, na aliyemsindikiza asione haya kuuliza: damu inapimwaje? Akianza kusikia kizunguzungu, au leso zikilowa mfululizo, aitwe muuguzi papo hapo, hata kama ni saa nane usiku. Akiwa ameshafika nyumbani, arudishwe kituoni.

Mzazi mwenye binti wa miaka 10 hadi 14 aulize zahanati au mhamasishaji wa afya ya jamii kuhusu chanjo. Sasa ni dozi moja.

Na mtu akiombwa kushiriki katika utafiti, asikubali kwa kuogopa na asikatae kwa uvumi. Aulize. Utafiti unatafuta nini? Umeidhinishwa na kamati ya maadili? Kuna hatari gani? Fomu ya ridhaa isomwe kwa lugha anayoielewa, na apewe muda wa kufikiri. Ana haki ya kukataa bila kunyimwa matibabu yake ya kawaida. Ana haki ya kujitoa siku yoyote. Na aulize swali la mwisho, lile ambalo wengi hulisahau: matokeo yataletwa lini, na yataletwa na nani?

Swali hilo likiulizwa katika kila baraza, watafiti watazoea kurudi.