Chakula cha Njiani kwa Mkulima Mwenye Baiskeli

Leo hatutagusa mbolea wala wadudu waharibifu. Leo tuzungumze juu ya njia. Nasema ile njia ya kutoka nyumbani kwako mpaka mnadani, sokoni au mashineni, ambayo unaikanyaga kwa baiskeli.

Ni kweli, siku hizi pikipiki zimejaa vijijini. Lakini hapa kwetu Usukumani, kuanzia Magu mpaka Maswa, kuanzia Kwimba mpaka Shinyanga, baiskeli bado iko kazini. Ndiyo inayobeba gunia la mpunga, matenga ya nyanya na madumu ya maziwa. Mtu anaondoka saa kumi na moja alfajiri, anakwenda kilomita 30 au 40 na mzigo nyuma, anauza, halafu anarudi jua likiwa utosini.

Sasa nakuuliza wewe ndugu mkulima: kabla ya kuondoka unakagua nini? Utasema unakagua matairi, cheni, breki, na kamba za mzigo. Vizuri sana. Na tumbo lako je, umelikagua?

Nitawaambia kisa changu mwenyewe, ingawa ni cha aibu kidogo. Nilipokuwa bado mgeni katika kazi hii niliondoka alfajiri kwenda kuwatembelea wakulima wa pamba, mwendo wa kilomita kama 35. Nilikunywa chai ya rangi kikombe kimoja, basi. Ilipofika saa tatu, miguu ilianza kutetemeka. Jasho likanitoka, na jasho lenyewe la baridi. Macho yakaingia giza. Karibu na kidaraja kimoja nilianguka, baiskeli huku, vitabu kule. Kama lori lingekuwa nyuma yangu, leo nisingekuwa nazungumza nanyi.

Mzee mmoja aliyekuwa akienda mnadani alisimama. Akanivuta kivulini, akanipa maji, ndizi mbivu moja, na vipande vya viazi vikavu kutoka katika kifuko chake. Baada ya kama nusu saa nikaweza kusimama. Akaniangalia akasema, "Bwana shamba, baiskeli umeitia upepo, wewe mwenyewe umejisahau." Nilikuwa nakwenda kuwafundisha wakulima, nikafundishwa mimi.

Jambo lililonipata lina sababu yake. Mwili huweka akiba ya sukari katika misuli na katika ini. Unapokanyaga baiskeli kwa nguvu, akiba hiyo inatumika. Kwa kazi nzito huweza kupungua sana kwa muda wa saa moja na nusu au saa mbili. Tena usiku kucha ulipokuwa umelala, ini limekuwa likiitoa akiba yake kidogo kidogo. Kwa hiyo anayeondoka alfajiri bila kula anaanza safari na ghala ambalo limekwisha kupungua. Sukari ikishuka katika damu, mtu hutetemeka, hukasirika bure, na akili huchelewa. Anayechelewa kufikiri barabarani huchelewa pia kukwepa gari. Ndiyo maana nasema hili si jambo la tumbo tu, ni jambo la uhai.

Basi shikeni kanuni tatu. Ya kwanza: kula kabla ya kuondoka, kama saa moja kabla. Bakuli la uji uliotiwa unga wa karanga, au viazi viwili vya kuchemsha, vinatosha. Ya pili: kula njiani kidogo kidogo, kila baada ya saa moja, kabla njaa haijauma. Ukingoja mpaka miguu itetemeke, umechelewa. Ya tatu: ukifika, au ukirudi nyumbani, kula mlo kamili wenye maharage, dagaa au mayai, ili misuli ijijenge upya.

Sasa tubebe nini? Chakula cha njiani kinatakiwa kiwe chepesi kubeba, kisimwagike, kisiharibike upesi kwa jua, na kiwe kinaliwa kwa mkono mmoja chini ya mti. Vyakula vya namna hiyo vipo nyumbani kwako.

Kuna ndizi mbivu. Imekuja na ganda lake, haihitaji kufungwa, na sukari yake huingia mwilini upesi. Kuna viazi vitamu na mihogo mitamu ya kuchemsha, lakini mihogo michungu usiitafune mibichi njiani, kwa kuwa ina sumu. Kuna mayai ya kuchemsha, ambayo hubaki na maganda yake mpaka wakati wa kula. Chapati kavu nayo inafaa. Kuna karanga za kukaanga. Gramu 100 za karanga zina kalori karibu 570 na protini gramu 25 hivi, lakini viazi vya kuchemsha vya uzito huo havifiki kalori 100. Kwa hiyo karanga ni mzigo mdogo wenye nguvu nyingi. Ila nguvu yake hutoka polepole, maana ina mafuta mengi. Changanya konzi ya karanga na ndizi au viazi: kimoja kikuinue sasa, kingine kikufikishe.

Lakini mfalme wa chakula cha njiani ni yale matobolwa aliyonipa mzee. Wasukuma hawakungoja mtaalamu awafundishe. Tofautisheni tu: michembe ni viazi vilivyokatwa na kukaushwa vibichi, kwa hiyo ni lazima vipikwe kwanza. Matobolwa yamekwisha kuchemshwa ndipo yakakaushwa, kwa hiyo unatafuna hapo hapo.

Wale vijana ambao hawajui kuyatengeneza, sikilizeni. Chagua viazi vizima visivyo na fukusi wala uozo. Vioshe, vichemshe na maganda yake mpaka viive bila kupondeka. Vimenye, vikate vipande vya unene wa kidole. Vianike juu ya kichanja safi, mbali na kuku na vumbi la barabara, wakati wa kiangazi. Jioni viingize ndani visipate umande. Baada ya siku tatu au nne za jua kali, jaribu kuvunja kipande. Kikipinda, bado. Kikivunjika kwa mlio, tayari. Vifunge katika chombo kisichopitisha hewa, navyo vitakaa miezi kadhaa. Kilo 3 za viazi vibichi hubaki kama kilo 1, kwa hiyo keria yako haitalalamika. Wakati wa kula, tafuna polepole pamoja na maji.

Sasa onyo. Karanga au mahindi yaliyoota ukungu, yaliyosinyaa au kubadilika rangi, usiyabebe, usiyauze, wala usimpe mtoto. Yanaweza kuwa na sumukuvu. Kuyakaanga au kuyapika hakuiondoi sumu hiyo. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu zaidi ya 60 waliugua kwa sumukuvu na karibu 20 wakafariki. Kausha mazao yako vizuri, yahifadhi pakavu, juu ya chaga, si juu ya sakafu.

Onyo la pili ni la kiporo. Wali, maharage na mboga zenye mchuzi zikifungwa zikiwa moto na kukaa juani kwa saa nyingi huharibika. Ukitaka kula maharage, yale nyumbani. Njiani beba vikavu.

Onyo la tatu nalisema kwa sauti kubwa, hasa kwa wakulima wa pamba. Chupa au dumu lililotiwa dawa ya wadudu halioshwi likawa salama. Usilitie maji ya kunywa hata kama umelisugua kwa mchanga mara kumi. Wala usifunge chakula pamoja na dawa au mafuta ya taa katika mfuko mmoja.

Maji je? Beba maji yaliyochemshwa. Kunywa mafunda machache kila baada ya robo saa. Wakati wa joto mwendesha baiskeli anaweza kuhitaji nusu lita kwa saa, au zaidi. Ukiwa na safari ndefu na jasho jingi, tia katika lita 1 ya maji vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vya kusawazisha, si vya kurundika. Usizidishe chumvi. Na pombe iache mpaka baiskeli imeegeshwa nyumbani. Pombe huteremsha sukari ya damu, tena huondoa mizani. Mwenye ugonjwa wa kisukari asifuate maneno yangu peke yake. Aulize kwanza zahanati namna ya kula safarini.

Sasa tufike kwenye fedha. Mtu anafika mnadani njaa imemshika, nyanya ziko kwenye matenga. Mchuuzi anataja bei ya chini. Mwenye njaa hana subira ya kubishana bei, anakubali ili akale. Halafu fedha ile ile inaanza kukatwa: soda, maandazi, nyama choma. Jioni anarudi na nusu ya mauzo, na watoto wanangoja madaftari. Chukua karatasi, andika umekula shilingi ngapi katika minada minne iliyopita. Ukiona jumla yake, utaanika viazi kesho.

Na ndugu zangu wanaume, kazi ya kuanika na kufunga chakula isiachwe kwa mama peke yake. Yeye pia anaamka alfajiri, tena mara nyingi naye anakwenda sokoni kwa baiskeli hiyo hiyo. Wala usichote chakula cha safari katika sufuria ya watoto. Panda matuta mawili ya ziada ya viazi lishe, vile vyenye rangi ya chungwa kama Kabode au Mataya. Vina vitamini A, inayosaidia macho na kinga ya watoto. Kwa hiyo tuta moja litakulisha njiani, na la pili litawalisha nyumbani.

Wazee wanaikumbuka kampeni ya mwaka 1975 iliyoitwa Chakula ni Uhai, watu wakikusanyika kuzunguka redio. Jina lile lilisema kweli, na kweli hiyo haijapitwa na wakati.

Basi nawaachieni kazi moja. Kabla ya safari ijayo, unapobonyeza tairi kwa kidole kuona kama lina upepo, shika na kifuko chako. Kama ni kitupu, rudi ndani ukakijaze, mnada utakungoja.

Nawatakieni safari njema na mauzo mema. Kwaherini.