Shimo Lililoachwa Si Ghala Mpaka Lipimwe

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, Masasi na Newala)



Leo tumekuja tuzungumze habari ya mashimo ya migodi. Jirani zetu wa Tunduru walianza kuchimba vito kwa wingi katika miaka ya 1990. Mchimbaji akikosa vito huhama, shimo linabaki. Je, shimo hilo lina faida tena?

Wako watu waliopata faida. Moldova ni nchi ndogo ya Ulaya, kati ya Rumania na Ukraini. Mahali paitwapo Mileștii Mici walichimba mawe ya chokaa ya kujengea nyumba. Chini yakabaki mahandaki ya kilomita 200 hivi. Mwaka 1969 wakaanza kuweka mvinyo humo. Mwaka 2005 kitabu cha rekodi cha Guinness kikaandika kuwa huo ndio mkusanyiko mkubwa wa mvinyo duniani: chupa milioni 1.5.

Mvinyo hupenda giza na ubaridi usiobadilika. Juu jua liwake au theluji ianguke, mle ndani ni nyuzi 12 hadi 14 tu.

Sasa mtasema: jamani, na sisi tuna mabibo! Kila msimu wa korosho mengi yanaozea chini ya mikorosho, na uraka haukai, siku chache tu unakuwa mkali. Kwa nini tusiuweke shimoni? Haya, tujiulize mambo manne.

La kwanza ni joto. Chini ya ardhi hukaa joto la wastani la mwaka mzima la mahali pale. Moldova ni nchi ya baridi. Kwetu wastani huo unazidi nyuzi 20. Shimo letu litakuwa na nafuu kuliko jua la mchana, lakini halitafikia ubaridi wa Moldova.

La pili ni mwamba. Kule ni jiwe gumu, dari inasimama. Mashimo mengi ya vito ya Tunduru yamechimbwa katika changarawe na mchanga. Ardhi ya uwanda wa Makonde nayo ni ya kichanga. Mvua ikinyesha, mchanga unaporomoka na kumfukia aliyemo.

La tatu ni unyevu. Unyevu husaidia kizibo cha chupa kisikauke. Lakini korosho na mahindi yakiwekwa penye unyevu huota ukungu. Ukungu mwingine huleta sumukuvu, ambayo haiishi kwa kupika. Basi korosho zisiwekwe shimoni hata siku moja.

La nne ni hewa, na hili ndilo linaloua. Pombe inapochacha hutoa hewa ya ukaa. Hewa hiyo ni nzito, hutuama chini ya shimo kama maji, wala huioni. Anayeingia huanguka. Anayemfuata kumwokoa huanguka juu yake. Ndiyo maana tunasema: pombe inayochacha isiwekwe shimoni, na mwenzenu akianguka humo msimfuate, piteni mkaite watu wenye vifaa vya kuokolea.

Kwa hiyo, ndugu zetu, tusiige shimo la Moldova, tuige kupima kwao. Kama kuna shimo karibu na kijiji, serikali ya kijiji imwite afisa madini alitazame. Likionekana halifai, lizungushiwe uzio au lifukiwe, watoto wasitumbukie.

Na mabibo je? Kituo cha utafiti cha Naliendele, kule Mtwara, kimefanya kazi ya kutengeneza juisi, jemu na mvinyo wa mabibo. Kikundi kikituma watu wawili wakajifunze, kitapata faida kuliko kuchungulia mashimo. Na chupa zikishajazwa, chumba chenye ukuta mnene wa udongo, chini ya kivuli cha mwembe, kitazitunza bila kumhatarisha mtu.

Someni, kisha mwasomee na majirani.