Mgonjwa Mahututi Naye Ana Neno Lake



Mgonjwa anapolazwa akiwa mahututi, mara nyingi jamaa husimama nje ya wodi wakaamua kila jambo, ilhali mwenye mwili hajaulizwa. Nia huwa njema. Hata hivyo, ugonjwa mkali pekee haumwondolei mtu mzima haki ya kuamua juu ya mwili wake. Yapasa kwanza kupima kama anaweza kuamua.

Daktari hutazama mambo manne. Je, mgonjwa ameelewa aliyoelezwa? Anatambua kwamba yanamhusu yeye? Anaweza kupima faida na madhara? Anaweza kuonyesha uamuzi wake? Kumwomba ayaeleze kwa maneno yake mwenyewe hufichua mengi kuliko kumwuliza, "Umeelewa?"

Mwaka 1993, mguu wa mzee wa miaka 68, aliyekuwa na maradhi ya akili katika hospitali ya Broadmoor, Uingereza, ulianza kuoza. Daktari wa upasuaji alikadiria kuwa usipokatwa, nafasi yake ya kuishi ingekuwa asilimia 15 tu. Mzee akakataa. Alijidhania kuwa tabibu mashuhuri duniani, lakini hatari ya mguu wake aliielewa barabara. Mahakama Kuu iliamua kuwa alikuwa na uwezo wa kufanya uamuzi huo, na mguu usikatwe bila ridhaa yake. Matibabu mengine yakamwepusha na kifo kilichomkabili.

Fundisho ni kwamba uwezo hupimwa kwa kila uamuzi, si kwa jina la ugonjwa. Wala kukataa ushauri wa daktari si dalili ya kukosa akili.

Uwezo huo hupanda na kushuka. Homa kali, upungufu wa oksijeni au sukari, na dawa za usingizi huweza kumchanganya mgonjwa asubuhi, naye jioni akawa timamu. Jambo linaloweza kusubiri lisubiri, aulizwe tena. Mwenye mpira wa kupumulia kooni hawezi kusema, lakini huenda akaweza kutikisa kichwa, kubana mkono au kuandika. Apewe miwani yake. Aelezwe kwa lugha aliyoizoea.

Akishindwa kabisa, jamaa ndio wajuao alilolipendelea alipokuwa mzima. Walitaje hilo, si wanalolitaka wao. Dharura ya kuokoa maisha haingoji kikao cha ukoo. Kwa hiyo mazungumzo hayo na yafanyike nyumbani, wote wakiwa na afya njema.