Mikono Inayorudi Kazini

Leo tunataka kusema na wale wanaoinuka kutoka katika ugonjwa wa muda mrefu, pamoja na jamaa zao.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 9, tunapata habari za Dorkasi wa Yafa. Mama huyu aliugua, akafa. Petro alipofika, wajane hawakuanza kumsimulia maneno ya marehemu. Walimletea nguo alizowashonea. Kwa hiyo siku ile aliporudishiwa uhai, wajane wale walirudishiwa mtu ambaye mikono yake waliijua.

Mtu akilala miezi mingi, hapungukiwi nguvu za mwili peke yake. Hujiona hana kazi tena nyumbani mwake. Fikirini mgonjwa wa kifua kikuu hapa Turkana. Matibabu ya kawaida ni miezi 6: dawa za aina nne kwa miezi 2, kisha aina mbili kwa miezi 4. Mama wa Lodwar aliyezoea kusuka vikapu hutazama miyaa ya mkoma, iliyokatwa kando ya mto Turkwel, ikikauka bure. Mwenzake wa Kakuma, ambako wakimbizi wamepokelewa tangu mwaka 1992, ana shuka aliyoacha kuitarizi, ua likiwa nusu.

Sisi tunaowatembelea wagonjwa tumeona mitego miwili. Wa kwanza ni wa jamaa. Husema, "Mama, wewe kaa tu, usiguse kitu." Wengine huendelea kumtengea sahani hata baada ya daktari kusema kwamba haambukizi tena. Ndugu, huruma ya namna hiyo humfunga mtu kama kamba.

Mtego wa pili ni wa mgonjwa mwenyewe. Baada ya miezi 2 kikohozi kimekoma, mwili umeanza kunenepa. Husema, "Nimepona." Hushika kazi kutwa nzima ili apate cha kuuza, na vidonge anaviacha. Vijidudu vilivyobaki huamka, navyo huweza kuwa sugu, hata dawa zile za kwanza zisivishinde. Wako waliozikwa kwa sababu hiyo, nao walikuwa njiani kupona.

Basi, mama, kikapu chako na kikufundishe. Hakianzi ukingoni. Huanza na kifundo kidogo cha kitako, kisha mzunguko juu ya mzunguko, kila mshono ukishika ule wa chini yake. Tena ukikiacha kabla ya kufunga ukingo, hufumuka. Ndivyo ilivyo afya. Anza na mzunguko mmoja asubuhi, kivulini, kabla jua la Lodwar halijawa kali. Ukichoka, weka chini bila haya. Mtoto na achane miyaa, wewe ushone. Rangi na ichemshwe na mtu mwingine, maana moshi wa kuni si rafiki wa kifua kinachopona. Na kila siku meza kwanza vidonge, ndipo ushike sindano, mpaka daktari aseme umemaliza.

Nanyi jamaa, msimwulize amemaliza vikapu vingapi. Mketi naye. Mleteeni maji ya kulowekea miyaa. Mshono wa kwanza ukienda upande, msicheke wala msimnyang'anye. Mikono iliyolala muda mrefu hukumbuka polepole. Siku atakapomwambia binti yake, "Njoo nikuonyeshe," mjue kwamba mama yenu amerudi nyumbani.

Tuombe. Ee Bwana, uliyefanya kazi ya mikono yako na kupumzika, wape wagonjwa wetu saburi ya kumaliza dawa, na furaha ya kuanza kidogo. Wape jamaa zao moyo wa kungoja. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.